Moshi Ndani ya Haan

Eastleigh, Nairobi
Jumatatu, 3 Februari 2025

Kwako Eeddo Ruqiya, shangazi yangu,

Asalaam aleikum. Usishtuke kupata karatasi badala ya simu. Kazini simu zetu hukaa kwenye droo ya Winny wa mapokezi tangu asubuhi, kwa sababu Bwana Nyamai, mthamini tunayemfanyia kazi, hataki mali ya wateja ipigwe picha ovyo. Nyumbani watoto wa ami yangu, Adeer Abdiqani, huichukua yangu kuchezea, na mama yao husoma kila kinachoingia. Sina pa kusema neno likabaki la watu wawili. Nimempa kondakta wa basi la Garissa bahasha hii. Ukishaisoma, tafadhali ifiche mahali ambapo mkono wa mtu hauingii.

Labda nianze mwanzo. Unajua kaka yako Abdiqani ameamua vitu vyote alivyoacha Ayeeyo, mama yenu, vithaminiwe kabla ya Ramadhani, ili mirathi igawanywe bila manung'uniko. Alhamisi alivileta mwenyewe ofisini kwetu Industrial Area: sanduku la mbao, mkufu wa fedha, na ile haan ya maziwa iliyosukwa kwa mizizi na mama yake Ayeeyo, ambayo Ayeeyo alikuja nayo Nairobi akiwa bibi harusi. Haan ndiyo Adeer anayoijali. Kuna tajiri anayefungua hoteli karibu na First Avenue, anataka ukumbi wake upambwe kwa vitu vya kale vya Wasomali, na amesema hachukui chombo kisicho na hati ya mthamini.

Kazi yangu ni kukipima kitu na kuandika maelezo yake. Bwana Nyamai ndiye anayekichunguza na kusema umri na thamani. Haan ililala kwake usiku mmoja, kisha nikaletewa. Nilifungua kifuniko ili nipime mdomo wake. Nikanusa. Nikafunga. Nikafungua tena.

Winny akaniambia, "We Kawsar, mbona unanusa hiyo kitu kama mtu ananunua samaki? Imeoza?"

Nikamwambia nina mafua. Eeddo, ile si haan ya Ayeeyo.

Wewe unajua haya, lakini labda umesahau kwa kuwa umeolewa Garissa miaka mingi. Chombo cha maziwa lazima kifukizwe, na kila nyumba ina mti wake. Ayeeyo hakupata hapa miti ya kwao, kwa hivyo alizoea mutamaiyu, ule mzeituni wa porini anaouleta Ng'ang'a muuza makaa. Kila Ijumaa nilimwashia vijiti, akavitia ndani ya haan vikiwa makaa, akatikisa, akapangusa. Moshi wa mutamaiyu ni mtamu, kama sukari inayoanza kuungua. Hii iliyo ofisini ina moshi mkali na mkavu. Ni mti mwingine kabisa. Nimewahi kuunusa mahali, sikumbuki wapi.

Sasa sikiliza linaloninyima usingizi. Bwana Nyamai amenipa karatasi inayoitwa tamko la asili. Kila kitu cha kale huhitaji mtu wa familia aseme kimetoka kwa nani na kimepitia mikono gani, na kwa kuwa mimi niko hapa hapa, Adeer amesema nitie sahihi mimi. Ufunguo wa sanduku la Ayeeyo ulikuwa shingoni mwangu tangu alipougua mpaka wiki iliyopita Adeer alipouchukua. Nikisema haan imebadilishwa, mimi ndiye mwizi. Nikitia sahihi, mimi ndiye shahidi wa uongo. Baba yangu hayupo wa kunisimamia, na nyumba ninayolala sasa ni ya Adeer.

Labda ni Adeer aliyeibadilisha. Labda ni Bwana Nyamai, usiku ule mmoja. Labda ni pua yangu tu. Nimewaambia karatasi imepata doa la chai na lazima niiandike upya. Sijui doa hilo litanisaidia mpaka lini.

Nishauri.

Binti wa ndugu yako,
Kawsar


Garissa
Alhamisi, 6 Februari 2025

Kawsar mwanangu,

Waaleikum salaam. Nilifundisha Kiswahili hadi nikastaafu, na sijaona barua yenye "labda" nyingi kama yako. Mtu akiandika "labda" kila aya, msomaji humshuku yeye kwanza. Jifunze hilo kabla hujaandika hati za watu.

Moshi si alama ya kidole. Chombo kikikaa bila kutumika harufu yake hugeuka, na kikikaa kwenye gari la Abdiqani pamoja na marobota yake ya vitambaa hugeuka zaidi. Haan imetoka kwenye sanduku la mama, na sanduku limetoka chumbani kwa mama. Tia sahihi. Uongo uko wapi hapo?

Lakini nijibu haya. Umemwambia nani mwingine? Huyo Nyamai anajua miti? Anaweza kutofautisha mkono wa msukaji mmoja na mwingine? Na Abdiqani, ameitazama kwa macho au ameibeba tu kama mzigo wa duka? Namjua ndugu yangu. Tangu utotoni hakuwahi kuosha hata kikombe, sembuse kunusa haan.

Ningeulizwa mimi, haan isingepelekwa kwa mthamini kamwe. Haan huenda kwa binti. Mama aliniambia mengi nikiwa nimemshika mkono, na maneno ya mgonjwa hayana mhuri. Siku ya tatu ya msiba nilimkumbusha Abdiqani desturi hiyo, akanijibu mbele ya wageni kwamba mirathi haigawanywi kwa hadithi za jikoni. Hukuwapo, ulikuwa unagawa chai.

Nikimaliza kuandika hii, barua yako nitaificha pamoja na karatasi zangu zote. Hata mume wangu Yonis, anayetafuta miwani yake mpaka kwenye kopo la sukari, hatafika hapo.

Usilie kazini. Na ule chakula.

Eeddo wako,
Ruqiya


NYAMAI NA WENZAKE
Wathamini wa Vitu vya Kale
Industrial Area, Nairobi
Jumatatu, 10 Februari 2025

Kwa Bw. Abdiqani,

KUH: CHOMBO CHA MAZIWA CHA MAREHEMU MAMA YAKO, BI. HIBAQ

Tumekichunguza chombo ulichotuletea. Ulitueleza kwamba kilisukwa na mama mzazi wa marehemu, zaidi ya miaka themanini iliyopita.

Chombo ni cha kweli. Mizizi imesukwa kwa mkono, kimetumika kwa maziwa, na kazi yake ni nzuri sana. Hata hivyo, kauri zilizokipamba zimeshonewa kwa uzi wa nailoni, na uzi huo unapita chini ya ngozi ambayo haijawahi kufunguliwa. Haukutiwa wakati wa kukarabati. Ulikuwapo tangu siku chombo kilipotengenezwa. Kwa maoni yetu, umri wake hauzidi miaka arobaini.

Kwa hivyo hatuwezi kutoa hati ya thamani kwa maelezo uliyotupa. Ama maelezo si ya chombo hiki, ama chombo si cha maelezo haya. Tamko la asili nalo halijatiwa sahihi. Tunaomba familia ishauriane.

Wako mwaminifu,
J. M. Nyamai

Imechapwa na: K.


Eastleigh, Nairobi
Jumanne, 11 Februari 2025

Eeddo mpendwa,

Barua ya Bwana Nyamai niliichapa mimi, na nakala yake nimeikunja humu usome mwenyewe. Unaona pale chini palipoandikwa K.? Nilitamani kuifuta herufi hiyo.

Adeer alifika leo kabla ya adhuhuri. Aliwapita mafundi wa milango ya chuma walio chini yetu bila kuwasalimu, nikajua. Aliiweka barua mezani, akaipigapiga kwa kidole.

"Bwana Nyamai, mimi nauza vitambaa. Mteja akinunua jora kwangu kisha akaniletea jingine, namjua kabla hajafungua mdomo. Nilikuletea chombo cha mama yangu. Hiki cha nani?"

"Mzee, hiki si cha uongo," Bwana Nyamai akajibu polepole kama kawaida yake. "Ni cha kweli. Ila si kile ulichonieleza."

"Basi kimebadilishwa hapa!"

"Kilipigwa picha ulipokileta, wewe mwenyewe ukiwa umesimama hapo. Winny, mwonyeshe mzee."

Winny akazifungua picha kwenye kompyuta. Kauri zile zile, ufa ule ule kwenye kifuniko. Adeer alizitazama mpaka nikasikia joto masikioni. Kisha hakumwangalia tena Bwana Nyamai. Alinigeukia mimi.

"Kawsar. Ufunguo wa sanduku ulikuwa na nani? Na paka?"

"Ulikuwa na mimi, Adeer."

"Na kazi yako hapa ni nini? Si kujua vitu vya kale na watu wanaovitafuta? Maskini mama yangu. Alidhani analea mjukuu, kumbe analea dalali."

Winny akajaribu kunitetea. "Lakini mzee, huyu msichana hata kalamu ya ofisi hurudisha..."

"Wewe dada, simu inalia. Shika simu."

Simu haikuwa inalia.

Amesema Jumanne ya tarehe 25, baada ya alasiri, ataita wazee wawili wa msikiti na ndugu wote walio Nairobi. Nitashika Msahafu niape. Baada ya hapo, kama haan haijaonekana, nitafute pa kulala. Watu wa mtaa tayari wamesikia. Leo jioni mke wa Adeer alifunga kabati la jikoni kwa kufuli nikiwa nimesimama naye, akaniuliza kama nina njaa.

Eeddo, sasa namshuku kila mtu, na hilo linanitisha kuliko kushukiwa. Jana nilimkuta Bwana Nyamai ameinamia haan na mkasi mdogo. Aliponiona alitia kitu kwenye bahasha akaifunga. Na kwenye ghala letu, rafu ya juu, kuna kitu cha umbo la haan kimefungwa kwa gunia. Hakina nambari. Hapa hata ufagio una nambari. Picha zile anazitunza yeye, na tarehe zake anazitunza yeye. Labda alikuwa na mbili tangu mwanzo.

Nikimuuliza nitafukuzwa kazi. Nisipouliza nitafukuzwa nyumbani.

Wako,
Kawsar


Garissa
Alhamisi, 13 Februari 2025

Kawsar,

Umejijibu mwenyewe na hujaona. Mtu mwenye mkasi, bahasha na gunia lisilo na nambari, unamtafutia nini tena? Watu wa biashara hiyo wanajua kusema "si cha kweli" mchana na kuuza cha kweli jioni. Mtazame. Usimuulize kitu, mtazame tu. Na wazee wakikaa, elekeza macho yao huko.

Siku hiyo wakikuuliza ni akina nani walioingia chumbani kwa mama wakati wa msiba, sema watu wote waliingia. Ni kweli. Hakuna haja ya kutaja nani alibeba nini na nani alikuja na nini. Msiba si duka, watu hawakaguliwi mlangoni.

Kuapa usiogope. Hukuchukua, na Mungu anajua hukuchukua. Asiyechukua huapa akalala.

Nasikia ulimwambia binamu yako unataka kuja huku wikendi. Usije. Nyumba ina wageni, na Yonis ana kikohozi.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa umesoma na unapenda maneno yawe mahali pake. Mtu anaweza kuchukua kilicho chake, na lisiwepo jina baya la kumwita. Lakini huyo Nyamai hana chake pale. Kumbuka hilo.

Eeddo wako,
Ruqiya


Eastleigh, Nairobi
Jumatatu, 17 Februari 2025

Eeddo Ruqiya,

Barua yako ya Alhamisi ilinifikia Jumamosi. Niliisomea chumbani kwa Ayeeyo, kitandani. Nilipofika katikati nikadhani dirisha liko wazi na jirani anafukiza vyombo. Nikalifunga. Harufu ikabaki. Nikanusa mtandio wangu, nikanusa godoro. Mwisho nikanusa karatasi.

Chini ya kitanda kulikuwa kumebaki kijiti kimoja cha mutamaiyu, kwenye kopo alilokuwa akiwekea. Nilikichoma ncha kwa kiberiti, nikakinusa, nikarudi kwenye barua yako. Nikaitoa na ile ya kwanza. Ya kwanza inanuka karatasi tu. Ya pili inanuka Ijumaa za Ayeeyo.

Uliniambia kwamba ukimaliza kuandika ile ya kwanza utaificha barua yangu pamoja na karatasi zako. Mimi ndiye niliyekuomba uifiche, nawe ukazitia zote ndani ya haan yake.

Sasa nimekumbuka ule moshi mkali, mkavu, nilikounusia. Ni jikoni kwako Garissa, likizo ile nilipokuwa darasa la saba, uliponifundisha kuandika barua kwa kuniandikisha kila asubuhi kabla ya chai. Wewe hufukiza kwa mgunga. Haan iliyo ofisini ni yako. Ayeeyo alikusukia hapa Eastleigh ulipoolewa, akiifananisha na yake kwa kila kitu, na alikuwa akisimulia jinsi alivyokosa kano za kushonea kauri akaomba uzi kwa mafundi cherehani.

Nimejaribu kutoamini, na kila nikijaribu nakumbuka jambo jingine. Ulikuja msibani umebeba haan yako imejaa maziwa ya ngamia. Wanawake walikucheka kwa kukataa mtungi wa plastiki kama watu wote. Wageni walikunywa, wakakusifu. Ulikuja na haan mkononi, ukaondoka na haan mkononi, na kila mtu akakuaga. Na ufunguo, Eeddo. Nilipokwenda kutawadha nilikuwa nauvua shingoni nakupa wewe. Nani mwingine ningempa?

Yako ilikuwa imetoka kutiwa maziwa. Ungeiweka sandukuni hivyo hivyo ingechacha, na labda hakuna ambaye angejua lolote zaidi ya kwamba inanuka. Lakini hukuweza. Uliifukiza kwanza, kwa vijiti ulivyokuja navyo kutoka Garissa, maana mwanamke haachi chombo cha maziwa kichafu hata akiwa anafanya nini. Mwizi angeiacha. Ndipo nilipokujua.

Leo asubuhi nilifanya ulilonikataza. Nilimuuliza Bwana Nyamai kuhusu ile bahasha. Hakukasirika hata kidogo. Aliifungua mbele yangu: ni kipande cha uzi wa nailoni, kirefu kama kucha, na jina la mteja limeandikwa juu. "Mthamini akikata kitu cha mtu bila kukihifadhi alichokata, huyo ni panya," akasema. Kuhusu gunia la rafu ya juu, Winny aliruka kabla sijamaliza swali. "Aki hiyo ni chungu yangu! Nilinunua Gikomba, nikaona haya kuibeba kwa watu nikiwa na suti. Nani amekutuma kwa chungu yangu?"

Kwa hivyo nilimshuku mtu asiye na kosa kwa sababu wewe ulinielekeza kidole, nami nikakifuata.

Jumanne ya wiki ijayo nitaapa kwamba sikuichukua. Hilo naliweza. Lakini Adeer si mjinga, ataniuliza pia kama najua iliko. Mkono ukiwa juu ya Msahafu, nijibu nini?

Labda nimekosea. Niandikie kwamba nimekosea, Eeddo. Nitakuamini wewe niache kuamini pua yangu.

Kawsar


Eastleigh, Nairobi
Ijumaa, 21 Februari 2025

Eeddo Ruqiya,

Hukuandika. Ulituma gunia.

Jana kampuni ya basi ilipiga simu ofisini, na Winny akatangaza mbele ya wateja kwamba nina mzigo wangu kutoka Garissa. Bwana Nyamai aliinua macho kwenye kazi yake, akayarudisha. Nilikwenda baada ya kazi. Karani wa mizigo alilipandisha gunia kwenye kaunta, na kabla halijatua niliijua harufu.

"Weka sahihi hapa, dada, na nambari ya kitambulisho hapa."

"Aliyetuma ni nani?"

Akasoma. "Kawsar. Anayepokea, Kawsar." Akacheka. "Umejitumia mwenyewe?"

Kulikuwa na kijikaratasi kimeshonewa mdomoni mwa gunia, mwandiko wako ule wa ubaoni: "Irudishe sandukuni kimya kimya. Itaonekana ilikuwamo siku zote."

Sanduku liko mezani kwa Bwana Nyamai, Eeddo. Nilikuandikia hivyo siku ya kwanza. Lilifunguliwa mbele ya Adeer, likapigwa picha likiwa tupu. Hukukumbuka, kwa sababu ulipokuwa ukisoma barua zangu ulikuwa ukitafuta jambo moja tu: kama nimekujua.

Niliweka mkono juu ya gunia. Mizigo ya watu wengine ilikuwa inapakuliwa, nikawa nimesimama njiani, wakanipita. Nilitaka kulifungua niitazame. Sikulifungua. Ningetia kalamu mara moja tu, pangekuwa na karatasi duniani inayosema haan ya Ayeeyo ilisafirishwa na Kawsar ikapokewa na Kawsar, na Adeer angeipata kabla ya Jumanne.

"Huu mzigo si wangu," nikamwambia karani. "Urudishe ulikotoka."

"Jina ni lako."

"Jina ni langu. Mzigo si wangu."

Nikalipa nauli ya kuurudisha. Nikamwomba aandike anwani ya Yonis.

Tangu mwezi huu uanze watu wananiletea mahali pa kutia sahihi. Bwana Nyamai alikuwa na karatasi yake, Adeer ana kiapo chake. Yako ndiyo ingenimaliza, na wewe ndiye uliyenifundisha kuandika barua na kutia jina langu chini yake.

Sasa nisome vizuri. Wiki ile ya mwisho, nikimpangusa uso, Ayeeyo aliniambia: "Ruqiya ataichukua haan. Asiinyime moshi." Alinitajia mimi, kwa akili zake timamu. Nilisubiri mtu aniulize. Adeer hakuniuliza kwa sababu mimi ni mtoto. Wewe hukuniuliza, sijui kwa nini. Shahidi ulikuwa naye nyumba hiyo hiyo, anagawa chai, ukamfanya mwizi.

Jumanne nitayasema hayo mbele ya wazee, na nitayaapia. Nitaapa pia kwamba sikuichukua. Wakiniuliza iliko, nitawaambia. Sitasema ilirudi yenyewe sandukuni, na sitamtaja mtu wa ofisini kwetu.

Uliondoka nayo mikononi. Ilete mikononi.

Kawsar


Garissa
Jumapili, 23 Februari 2025

Kawsar,

Gunia lilirudi jana. Yonis alilipokea, akalifungua, akaniangalia. Nikamweleza. Alikwenda kukata tiketi.

Barua yako ya mwisho haina "labda" hata moja. Niliisoma nikiitafuta.

Sikujua kwamba mama alikwambia. Nilidhani maneno yale nilibaki nayo peke yangu, na kwamba nikiyasema nitaonekana mwanamke mwenye tamaa anayemsingizia maiti. Baada ya Abdiqani kunijibu vile mbele ya watu, nilitaka tu kutoka ndani ya nyumba ile nikiwa nayo. Wewe sikukufikiria. Nilipokufikiria ulikuwa umeshaandika, na kila nilipokujibu nilikuwa najilinda mimi.

Natoka na basi la Jumanne alfajiri. Nitaipakata bila gunia wala shuka, aione kila atakayepanda. Abdiqani akitaka ithaminiwe, na ithaminiwe na Bwana Nyamai huyo huyo, kisha wazee waikate kwenye fungu langu. Nitamwomba radhi Bwana Nyamai hata kama hajui nilimsema.

Ile ya nailoni ikitoka ofisini usiirudishe Garissa. Mama aliisuka kwa alichokipata, na miaka yote haijavuja. Ni yako. Ukiolewa utakwenda nayo, usipoolewa utakaa nayo.

Mwambie Ng'ang'a atuwekee mutamaiyu.

Nikibisha mlango, fungua wewe. Asifungue Abdiqani.

Ruqiya